Behewa la Mbele ni la Bure

Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilimjua Honoré kwa mambo mawili. Alikuwa kapita, msimamizi wa mafundi wa njia ya reli, kule Kalemie kwa miaka kumi na tisa, na akikutafsiria mbele ya wazungu, mambo yako yanatoka yamenyooka.

La kwanza alilisema mwenyewe, kwa kila aliyekaa naye muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. La pili walilisema watu. Mtu akisimama mbele ya meza ya shirika la chakula akawaka, akasema mahindi yenu yana wadudu na nyinyi wenyewe ni wadudu, Honoré aligeuka akasema kwa Kifaransa: anashukuru kwa mahindi, anaomba mara nyingine yaangaliwe vizuri. Mama akisema mtoto ana miaka sita, hapana, saba, hapana, alizaliwa mwaka ule ziwa lilipojaa, Honoré alisema sita. Wazungu walimpenda kwa sababu foleni ilikwenda upesi. Wakimbizi walimpenda kwa sababu hakuna aliyewahi kuponzwa na mdomo wake akiwa na Honoré pembeni. Ikawa ndiyo desturi. Watu walifika mezani wakamwaga lolote lililowajaa kifuani, wakijua Honoré atapunguza.

Mkewe Cécile peke yake hakupenda. "We unakata maneno ya bantu kama fundi wa nguo," alimwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho watu ni bantu. "Siku moja utakata na mkono."

"Foleni ni ndefu, mama."

"Basi kata foleni."

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita, mkuu wa ugawaji wa chakula alikuwa Mbelgiji mmoja aitwaye Hubert, mtu mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya wazi hata siku za baridi. Kabla ya Malawi alikuwa amefanya kazi Kambodia, nchi ya mbali huko Asia ya mashariki, na alikuwa na kaseti ya video aliyoipiga mwenyewe kule. Siku moja alimshika Honoré bega akamwambia, "Kapita, nina treni yako. Jumamosi tutaionyesha kwa watu wote." Nia yake ilikuwa njema. Alitaka watu waone sinema isiyokuwa ya kuhara wala ya kunawa mikono.

Jumamosi mchana jengo la matofali lililobaki tangu Dzaleka ilipokuwa gereza lilijaa hadi mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Jenereta ilinguruma nje, televisheni ikawekwa juu ya mapipa mawili, Honoré akasimama kando yake na kijiti mkononi. Alikuwa amevaa koti.

Treni ilitokea. Ilikuja polepole kati ya mashamba ya mpunga, na kitu cha kwanza kuonekana hakikuwa injini. Mbele ya injini yalitangulia mabehewa mawili yasiyo na kuta wala paa, sakafu tupu za mbao, na juu yake watu wamekaa: akina mama, watoto, mtu na baiskeli yake, mwingine na kuku wawili. Watu ukumbini wakacheka.

Hubert alieleza, na Honoré akatafsiri. Vita vya kule viliacha mabomu yaliyofukiwa kwenye reli. Kwa hiyo waliweka mabehewa matupu mbele, ili bomu likilipuka liyapate hayo kwanza na injini ipone. Lakini watu maskini waliyapanda. Behewa la kwanza kabisa lilikuwa la bure. La pili, nusu nauli. Ukitaka kukaa nyuma ya injini, unalipa yote.

Kicheko kikakatika.

Honoré hakugundua, maana alikuwa ameanza kuona mambo yake. Aliona mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yameoza. Aliona viungo vya reli vilivyopanda na kushuka treni ikipita juu yake. Akaanza kuonyesha kwa kijiti: tazameni pale, hapo boliti hamna, hapo kokoto zimeisha, hapo mi ningesimamisha treni. Alisema reli yao ni nyembamba kuliko ya Kalemie, mita moja tu. Aliongea kwa raha ambayo hakuwa nayo tangu alipokimbia kijijini kwao Fizi.

Picha ikabadilika. Treni nyingine, safi, yenye mabehewa ya madirisha, imefungwa bendera. Watu walipanda na mizigo yao kichwani. Hubert akasema kwa Kifaransa: hii ilikuwa treni ya wakimbizi mwaka wa tisini na mbili, iliwatoa mpakani ikawarudisha kwao. Walipanda wale waliotaka wenyewe, waliulizwa mmoja mmoja, wakatia saini. Aliyekataa aliachwa.

Wakati ule Honoré alikuwa bado kwenye boliti. Alisikia kila neno. Akageuka akasema, "Hii ni treni ya bakimbizi. Iliwatoa kambini, ikabarudisha kwabo." Kisha akarudi kwenye mataruma.

Yaliyobaki aliyaruka. Hakuwa na ubaya. Aliyaona ni maneno ya ofisi, yale ambayo wazungu huyasema kila siku mwishoni mwa kila jambo, na yeye kila siku huyapunguza.

Sasa, Warundi waliokuwa ukumbini walikuwa na redio. Mwezi wa saba redio ilisema kwamba wenzao waliokimbilia Rwanda wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa Burundi. Watu walitoka ukumbini bila kupiga makofi. Na Jumatatu, bila kufikiri lolote, Hubert akabandika tangazo kwenye mlango wa ghala: Jumanne ya wiki ijayo watu wote watahesabiwa. Kila mtu awepo mwenyewe, na kadi yake ya chakula. Asiyekuwepo atafutwa.

Ilikuwa hesabu ya kugawa mablanketi, lakini tangazo halikusema.

Jirani ya Honoré alikuwa Sinzinkayo, Mrundi wa Rumonge, mtu wa maneno machache aliyekuwa akipata kibarua cha kubeba marobota ya tumbaku Kanengo, kwenye maghala ya nje ya Lilongwe. Aliishi na mkewe Fidès na binti yao wa miaka mitatu, Irangabiye. Kati ya nyumba zao mbili kulikuwa na ukuta mmoja wa udongo, na Cécile na Fidès walikuwa wakiazimana chumvi kupitia tundu lake.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, Sinzinkayo alikuja akachutama mbele ya mlango wa Honoré.

"Papa Honoré, nimeyaona."

"Umeona nini, baba Irangabiye?"

"Mabehewa yasiyo na kuta. Iko matatu. Kanengo, nyuma ya ghala. Yanakwenda mbele, injini inafuata nyuma."

Honoré akacheka kwa furaha. "Ile ni kupanga mabehewa tu. Injini ikiingia upande ule haiwezi kuzunguka, inasukuma. Bapakia mbolea pale. Kalemie tulifanya vile kila siku."

"Yalikuwa matupu."

"Asubuhi yako matupu. Mchana yanajaa."

Sinzinkayo alichora mstari kwenye vumbi kwa kidole, akaufuta.

"Na bale ba kwenye sinema. Baliulizwa kama banataka kurudi?"

Hapo Honoré alikumbuka. Sentensi yote ilimrudia kama ilivyosemwa, mpaka sauti ya Hubert. Ilikuwa rahisi kuitoa. Lakini angeitoa, angelazimika kusema kwamba Jumamosi aliisikia na hakuisema, na kesho yake kambi nzima ingeuliza ni maneno gani mengine hayakufika. Mkate wake ulikuwa mdomo ule.

"Sijui mambo ya Asia," akasema. "Ni sinema ya bazungu tu. Nenda ukalale, ndugu yangu."

"Zikomo," akasema Sinzinkayo, kwa Kichewa, kama mtu anavyomshukuru mwenye duka asiyekuwa na bidhaa. Akaondoka.

Jumapili Cécile aliweka mkono kwenye tundu la ukuta kuomba kiberiti, hakuna aliyeujibu. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa kwa waya kwa nje. Sufuria hazikuwepo, wala mkeka.

Honoré aliutazama ule waya. Akamwambia mkewe yote, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Cécile alimsikiliza hadi mwisho. "Hesabu ni Jumanne," akasema. "Mbona bado umekaa?"

Honoré alipata pikapu iliyokuwa ikipeleka viazi Lilongwe, ikamshusha Kanengo. Hewa ya pale ilinuka tumbaku hadi kooni. Mlinzi wa ghala moja, aliyemjua Sinzinkayo kwa kazi, alimwonyesha kwa kidevu: yule Mrundi amepita asubuhi na mke na mtoto, ameshika njia ya reli kuelekea Mchinji, mpakani. Aliuliza kama Zambia ni mbali. Mlinzi alicheka alipokuwa akisimulia. Kwa miguu, alisema, na mkeka.

Honoré akaingia kwenye reli. Alipoacha nyuma nyumba za mtaa wa Area 49, miguu yake ilipata yenyewe hatua ya zamani, ile ya kukanyaga taruma moja na kuruka moja. Macho nayo yalifanya kazi bila kuombwa: boliti imelegea, taruma limepasuka, hapa maji yalipita. Treni ya abiria ilipita humu mara chache siku hizo, na njia ilionyesha. Majani yalikuwa yameota katikati. Alitamani kusimama na kuyang'oa. Akaendelea.

Aliwakuta saa tisa, chini ya daraja dogo la kijito kilichokauka. Fidès alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Irangabiye alikuwa na homa, midomo imekauka. Sinzinkayo alisimama alipoona mtu, kisha akaona ni nani, lakini hakukaa.

"Bamekutuma?" aliuliza.

"Hakuna mtu amenituma. Nimekuja mwenyewe." Honoré alikuwa akihema. "Mrudi. Hesabu ni kesho kutwa, na ni ya mablanketi. Nimeuliza. Asiyekuwepo anafutwa."

"Mablanketi."

"Njo, ndiyo hivyo. Na ile treni ya Kambodia, bantu baliulizwa. Mmoja mmoja. Balitia saini. Aliyekataa aliachwa. Hubert alisema vile pale pale mbele ya bantu wote. Mi njo niliruka."

Fidès aliinua kichwa.

"Uliruka," akasema Sinzinkayo.

"Niliruka."

"Sababu gani?"

Honoré alitafuta sababu iliyo kubwa kiasi cha kutosha, akakosa. "Nilikuwa naongea juu ya boliti."

Sinzinkayo hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alimtazama tu Honoré mdomoni, kwa utulivu, kama anayeangalia chombo kilichovuja ajue kimetobokea wapi.

"Na Alhamisi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema hujui."

"Niliona haya."

"Papa Honoré. Leo unasema ni mablanketi. Nani ataniambia leo haujaruka kintu?"

Honoré alifungua mdomo. Aliapa kwa Mungu, aliapa kwa mama yake aliyezikwa Fizi. Sinzinkayo alisubiri amalize, kwa adabu, kisha akaanza kugawa mizigo. Sufuria kwa mkewe. Mkeka kwake.

"Mi sirudi kule kuhesabiwa," akasema. "Rumonge tulihesabiwa. Ndugu zangu wanne balihesabiwa."

"Mtoto anaungua," akasema Fidès. "Zambia ni siku ngapi?"

"Tatu."

"Hatafika."

Fidès akaitua sufuria chini. Honoré aligeuka upande akazihesabu boliti za kiungo kilichokuwa mbele yake. Nne, mbili zimelegea. Alipogeuka tena, Sinzinkayo alikuwa amepiga magoti ameweka paji la uso juu ya tumbo la mtoto. Kisha akasimama, akapanda kwenye tuta, akashika reli kuelekea magharibi na mkeka begani. Hakuwa na hatua ya reli. Alikanyaga kila taruma, akijikwaa.

Walirudi Dzaleka Jumatatu mchana, Honoré amembeba mtoto. Njia nzima Fidès aliongea mara moja tu, walipopita Kanengo. Mabehewa matatu yasiyo na kuta yalikuwa yamesimama nyuma ya ghala. Yalikuwa yamejaa mbolea hadi juu, vibarua wanafunga turubai.

"Mbolea," akasema.

Jumanne meza iliwekwa mbele ya ghala. Hubert alikaa na daftari, rula na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Honoré alisimama kando yake. Hakuwa amelala. Alikuwa ameamua jambo moja, na alilishika kama mlevi anavyoshika nguzo: hataruka tena neno la mtu yeyote.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Uvira, mcheshi, aliyezoea kumtukana Hubert kila mwezi akitabasamu. "Mwambie huyu korongo," alisema, "maharage yake yana mawe, meno yangu yameisha kabla ya njaa." Honoré akamwambia. Akasema hata korongo. Hubert akawa mwekundu. Mzee, aliyeelewa Kifaransa cha kutosha, akaacha kutabasamu.

"Kapita, umeugua?" akanong'ona.

"Wa pili," akasema Honoré.

Foleni ilikwenda polepole siku ile. Mama aliyetaja umri wa mtoto mara tatu alitafsiriwa mara tatu, na Hubert akaandika alama ya kuuliza kwenye daftari. Kijana aliyesema kaka yake yuko sokoni Dowa akiuza nguo alitafsiriwa hivyo hivyo, na jina la kaka yake likakatwa kwa wino mwekundu. Minong'ono kwamba leo kapita hapunguzi ikarudi nyuma hadi mwisho wa foleni. Lakini Fidès alikuwa ametoka zahanati na mtoto mgongoni, akaingia moja kwa moja mbele ambako wagonjwa hupitishwa, na minong'ono haikumfikia.

Hubert akaangalia kadi. Watu watatu. Aliona wawili. Aliuliza kwa upole, "Baba yuko wapi?"

Honoré akatafsiri.

Fidès alikuwa hajalala kwa siku mbili. Aliongea kama watu wote walivyozoea kuongea pale, akimwangalia Honoré wala si mzungu, akimwaga yote ili mwingine achague. "Mwambie amekwenda Zambia kwa miguu, juu ya sinema yake. Mwambie kama atarudi ama hatarudi mi sijui. Mwambie na blanketi lake alale nalo mwenyewe."

Honoré alijua cha kusema. Kilikuwa tayari kinywani, kifupi, safi: yuko hospitali Dowa, atarudi kesho. Mwezi uliopita alikuwa amesema hivyo hivyo kwa mtu aliyekuwa amelewa nyumbani, na ikapita. Hubert angeitikia kwa kichwa na kuandika watatu.

Akakumbuka yale macho chini ya daraja, yakimtazama mdomoni.

Akamwambia Hubert yote. Zambia, sinema, sijui, blanketi. Hakupunguza na hakuongeza. Alisema vizuri sana, kwa Kifaransa kizuri, na alipomaliza alijisikia mwepesi kwa muda wa pumzi moja hivi.

Hubert aliweka kalamu chini. "Sinema yangu?" akauliza. "Lakini nilisema wazi kwamba hakuna aliyelazimishwa."

"Ulisema," akajibu Honoré. "Sikutafsiri."

Hubert alimtazama. Kisha akatazama foleni, vichwa mia kadhaa chini ya jua, na daftari ambalo lilipaswa kwenda Lilongwe jioni ile. "Kwa hiyo ametoka nchini," akasema. "Amekwishatoka. Sina la kufanya." Akachukua rula, akachukua kalamu nyekundu.

Fidès alikuwa amesoma miaka sita Rumonge. Hakuhitaji mtu wa kumweleza rula. Alifuata ile nyekundu kwa macho kutoka mwanzo wa jina la mumewe hadi mwisho wake. Kisha akamgeukia Honoré.

"Leo haukuruka," akasema.

Alichukua kadi ya watu wawili akatoka kwenye foleni. Jioni ile Cécile alikuta tundu la ukutani limezibwa kwa udongo mbichi.

Sinzinkayo alirudi siku ya kumi na tisa. Mpakani alizuiwa, akalala rumande usiku kumi, akafukuzwa arudi alikotoka. Alirudi bila mkeka, kidole kimoja cha mguu kimekufa. Kwa siku tatu familia ile ilikula watu watatu chakula cha wawili, na ugali waliopika, nsima kama wanavyouita wenyeji, ulikuwa mwembamba kama uji. Ya nne, Sinzinkayo alikuja akasimama mlangoni kwa Honoré.

"Twende kwa Hubert," akasema. "Sina mwingine anayejua Kifaransa chao."

Walikwenda. Hubert aliwapa viti. Sinzinkayo alieleza polepole, akisimama baada ya kila sentensi, akingoja mpaka Honoré aimalize kwa Kifaransa, akiyahesabu maneno kwa vidole juu ya goti kama anayehesabu marobota. Hubert alisikiliza. Akajibu kwa maneno mengi, mikono imefunguka: orodha imekwenda Lilongwe, Lilongwe imeipeleka mbele, hesabu nyingine ni mwakani, mwezi wa pili labda, wa tatu. Aliyetoka nchini kwa hiari yake huanza upya kama mgeni. Yeye mwenyewe anasikitika sana, na mkataba wake unakwisha mwezi wa kumi na mbili.

Honoré akatafsiri. Alitafsiri hata kusikitika, hata mkataba.

Wakati wote ule Sinzinkayo hakumwangalia Hubert. Alimwangalia Honoré mdomoni.

"Amesema vile?"

"Njo vile amesema."

"Yote?"

"Yote."

Sinzinkayo aliendelea kuutazama mdomo ule, kama kuna neno limebaki ndani. Kisha akainuka, akamshukuru Hubert kwa kiti, akatoka nje akichechemea.